UZI: Medali ya fedha ya mvinyo, 1823, na mwenye shamba aliyepewa

Mzee_wa_Riale (#1)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye ule uzi wa sarafu za kale kuna mdau aliuliza kama medali ya fedha ya zamani inauzwa kwa uzito, kama mkufu uliokatika. Nikamjibu kwa mstari mmoja, "Hapana, inauzwa kwa jina," akanijia juu kwamba nabania elimu. Sibanii. Ila jambo lenyewe halikai kwenye mstari mmoja, ndiyo maana nimelifungulia uzi wake. Vuteni viti.

Nitatumia mfano mmoja tu: medali kubwa ya fedha aliyopewa Gregory Blaxland huko London mwaka 1823, kwa mvinyo wa shamba lake la New South Wales, Australia.

Waliompa ni Society of Arts. Hiki ni chama kilichozaliwa mwaka 1754 kwenye mgahawa wa kahawa pale Covent Garden, mwanzilishi akiwa William Shipley, mwalimu wa kuchora. Kazi yake ilikuwa kuchochea ufundi, viwanda na biashara kwa kutangaza zawadi. Aliyepanda miti mingi kwenye ardhi yake, zawadi. Kijana aliyechora vizuri, zawadi. Aliyebuni mtambo, zawadi. Na baadaye, aliyezalisha kitu kwenye koloni ambacho Uingereza ilikuwa inakinunua kwa majirani zake wa Ulaya, naye zawadi. Fikiria: Uingereza inapigana na Ufaransa miaka na miaka, halafu mezani inataka mvinyo wa Bordeaux. Kupata koloni linalotoa mvinyo kulikuwa na maana kubwa kuliko ladha.

Sasa shika hapa. Chama kikitoa medali miaka yote hiyo, medali zake haziwezi kuwa adimu. Zipo za watoto wa shule ya kuchora, zipo za wapanda misitu, na hazimtoi mtu jasho kuzipata. Kinachopandisha bei ni jina lililochongwa. Weka mezani medali mbili za chama hichohicho, uzito uleule: moja imechongwa jina la kijana aliyechora ua akasahaulika, nyingine jina la Blaxland. Kwa sonara zote ni fedha ya kuyeyushwa. Kwa mkusanyaji ni mbingu na ardhi.

Naendelea baada ya futari ya watoto.

Kijiti_Kavu (#2)

Mkuu huyo Blaxland ndiye nani? Maana umemtaja kama vile tulisoma naye.

Shangazi_Zena (#3)

Nakaa siti ya mbele. Mimi nina riale ya bibi yangu imefungwa kwenye kitambaa, nitauliza baadaye ukimaliza.

Mzee_wa_Riale (#4)

Kijiti, swali zuri.

Blaxland alizaliwa Kent, Uingereza, mwaka 1778. Hakuwa mfungwa wala mwanajeshi, na hao ndio waliojaa Sydney wakati ule. Alikwenda kama mlowezi huru mwenye mtaji, na familia yao ilijuana na Sir Joseph Banks, yule mtaalamu wa mimea aliyesafiri na kapteni Cook. Serikali ilimbembeleza aende: aliahidiwa ekari 4000 na wafungwa 40 wa kumfanyia kazi. Akafika Sydney mwaka 1806 na mke, watoto watatu, watumishi wawili, msimamizi, kondoo wachache, mbegu, na nyuki. Ndiyo, nyuki, kwenye meli, miezi kadhaa baharini. Mimi ningeshuka bandari ya kwanza.

Akanunua shamba linaloitwa Brush Farm, ekari 450, kwa D'Arcy Wentworth. Nyumba aliyojenga hapo bado imesimama, iko Eastwood, siku hizi ni mjini kabisa ndani ya Sydney. Kwenye shamba hilo ndipo alipopanda mizabibu.

Mizabibu haikuwa migeni. Ya kwanza ilishuka na meli za wafungwa mwaka 1788. Serikali ikajaribu hata kuleta Wafaransa wawili, mateka wa vita, ili wafundishe kilimo chake. Mwishowe hawakutoa cha maana. (Mfaransa akiwa mateka si lazima ajue zabibu, ila maofisa hawakufikiria hivyo.) Shida kubwa ilikuwa ugonjwa uliokausha mizabibu. Blaxland akajaribu aina hii na ile mpaka akapata moja nyekundu, kutoka Rasi ya Tumaini Jema, iliyostahimili. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Alikuwa mkulima kweli, hakuwa mtu wa kumiliki karatasi tu.

Mwaka 1822 akapanda meli kwenda London na pipa lake.

Mgogo_wa_Zabibu (#5)

Mzee, mimi nalima zabibu huku Dodoma, tunavuna mara mbili kwa mwaka na bado ugonjwa wa majani unatutesa, namwelewa sana huyo jamaa. Swali langu: mvinyo ulikaaje salama kwenye pipa safari yote hiyo? Wangu nikiuacha vibaya wiki mbili unakuwa siki.

Mzee_wa_Riale (#6)

Mgogo, umegusa penyewe. Aliuongezea brandi kabla ya safari ili usichachuke. Kumbuka meli inavuka kwenye joto la ikweta, pipa liko tumboni mwa chombo, linatikiswa usiku na mchana.

Kwa hiyo waonjaji wa London hawakuonja mvinyo mtupu wa Brush Farm. Walionja mvinyo uliotiwa nguvu na kusafiri nusu ya dunia. Uamuzi wao kwa kifupi: ni mwepesi, ni mzima, haujaharibika, na unafanana na ule mvinyo mwekundu wa kawaida wa Bordeaux. Wakasema si wa daraja la juu, mwenyewe bado hana uzoefu, ila ukitunzwa unaweza kuja kuwa bidhaa.

Ukiyasoma maneno hayo utaelewa kwa nini ikawa fedha na si dhahabu. Watu wengi wakiandika habari zake wanaipamba medali hii kana kwamba London ilianguka magoti. Haikuanguka. Ile ilikuwa "kaza buti kijana" iliyopigwa kwenye fedha. Mwaka mmoja tu kabla yake, 1822, John Macarthur wa koloni hilohilo alipewa medali mbili za dhahabu na chama hichohicho kwa sufu yake, yaani manyoya ya kondoo. Sufu ilishajibu. Mvinyo ulikuwa bado unaulizwa maswali.

Blaxland naye hakuwa mtu wa kukata tamaa. Akarudi, akalima, akapeleka mwingine, na mwaka 1828 akapata ya dhahabu, ile ya Ceres, mungu wa nafaka wa Warumi. Ungenipa nichague moja ya kuweka kabatini, ningechukua ya fedha. Ya dhahabu inasema amefaulu; ya fedha inasema kuna siku watu walikunywa wakaangaliana.

Nyundo_ya_Pili (#7)

Samahani mzee, naheshimu mvi zako, lakini naona unamsifia mkoloni hapa. Ekari 4000 alipewa na nani? Hiyo ardhi haikuwa na wenyewe? Na hao wafungwa 40 ndio waliochimba mashimo ya mizabibu. Medali ikachongwa jina la nani? Tuzungumze hilo kwanza kabla ya brandi.

Kijiti_Kavu (#8)

Nyundo kaja na nyundo.

Mzee_wa_Riale (#9)

Nyundo, mdogo wangu, hukunikosea. Nilikuwa nakuja huko, umeniwahi.

Ardhi ya Brush Farm ilikuwa ya Wallumedegal, watu wa asili wa upande ule wa mto Parramatta. Hawakuuza. Serikali ilikata ekari ikagawa, basi. Na mikono ya shambani ilikuwa ya wafungwa waliopangiwa bwana. Bwana anawalisha na kuwavisha, wao wanafanya kazi.

Ila kuna jambo moja ambalo mtu akitazama medali peke yake halioni, na linahusu mwaka uleule wa 1823. Blaxland akiwa London hakupokea medali tu, alichapisha pia kitabu kidogo cha safari yake ya mwaka 1813 kuvuka milima inayoitwa Blue Mountains. Hiyo ndiyo safari inayofundishwa shuleni kule Australia: Blaxland, Lawson na Wentworth (William, mtoto wa yule D'Arcy). Wakati huo Sydney ilikuwa imebanwa kati ya bahari na milima, mifugo imeongezeka, malisho yameisha. Walowezi waliojaribu kabla yao walifuata mabonde wakakwama kwenye kuta za mawe. Hawa wakafuata migongo ya milima. Waliondoka tarehe 11 Mei, mwisho wa mwezi wakafika mlima ambao leo unaitwa Mount Blaxland, wakaona majani chini yao, wakageuza.

Sasa sikiliza anavyofungua kitabu chake. Anajiandika kama vile anamwandika mtu mwingine: Bwana Gregory Blaxland, Bwana Wentworth na Luteni Lawson waliondoka shambani South Creek wakiwa na watumishi wanne, mbwa watano na farasi wanne waliobeba mizigo.

Umeona mpangilio? Watumishi wanne, mbwa watano, farasi wanne. Wanahesabiwa pamoja. Hakuna jina. Mtu aliyekata vichaka siku nzima ili farasi wapite kawekwa kwenye orodha karibu na mbwa. Nikaisoma sentensi hiyo mara mbili, halafu nikarudi kuisoma medali, nikaona ni mkono uleule.

Na njia yenyewe haikuwa mpya. Wadharug na Wagundungurra walikuwa wakipita milima hiyo tangu zamani za zamani. Neno "kugundua" hapo lina maana ya kwamba ng'ombe wa Sydney wamepata njia.

Nyundo_ya_Pili (#10)

Hapo sawa mzee. Nimetulia. Endelea.

Dada_Mkutubi (#11)

Naongezea kidogo kwa ruhusa ya mwenye uzi. Baada ya safari hiyo alitumwa mpima ardhi, George Evans, ndiye aliyefika kweli kwenye mbuga za upande wa pili. Halafu William Cox akapewa wafungwa 30, wakajenga barabara ya maili 101 kwa takribani miezi sita, kuanzia Julai 1814 hadi Januari 1815. Mwezi Mei 1815 mji wa Bathurst ukatangazwa, juu ya nchi ya Wawiradjuri.

Miaka tisa baadaye, Agosti 1824, gavana akatangaza sheria ya kijeshi Bathurst na ikadumu hadi Desemba. Wawiradjuri wengi waliuawa. Kiongozi wao Windradyne alishuka Parramatta mwishoni mwa Desemba kwenye karamu ya gavana, kavaa kofia ya majani yenye neno "Peace", yaani amani.

Kwa hiyo medali ya mvinyo ni ya 1823, vita ya Bathurst ni ya 1824. Zinakaribiana mno.

Mzee_wa_Riale (#12)

Dada, shukrani sana. Hiyo kofia inanipeleka kwenye kitu ambacho wakusanyaji wa medali za Australia wanakijua na wengine hawapendi kukizungumza.

Koloni lilitoa chuma cha aina nyingine pia. Mwaka 1815 gavana Macquarie alimpa Bungaree, mtu wa asili aliyewahi kusafiri na mabaharia kuizunguka Australia nzima, bamba la kuvaa kifuani lenye umbo la mwezi mchanga. Likachongwa kwamba yeye ni chifu wa kabila la Broken Bay. Cheo hicho alikitunga Macquarie mwenyewe. Baada ya hapo mabamba kama hayo yakatolewa kwa miaka mingi, mara serikali, mara wenye mashamba, kwa watu waliowaona wanafaa.

Leo mabamba hayo yanatafutwa kwenye minada kama medali. Mengi ni ya shaba ya manjano, si ya fedha, lakini bei haijali hilo. Tofauti ni hii: medali ya Blaxland inakaa kwenye kisanduku, inatolewa wageni wakija. Bamba linaning'inia shingoni, unatembea nalo, kila mzungu anayepita anakusoma.

Mimi binafsi medali ningenunua. Bamba nisingenunua, liende kwa wajukuu wa aliyelivaa. Wapo wenzangu tunaobishana nao hapa miaka, sitafungua ubishi huo leo.

Kijiti_Kavu (#13)

Mzee rudi kwenye fedha basi. Mtu akiletewa medali yenye jina kubwa hivyo, anajuaje haijachongwa jana na fundi wa mtaani?

Mzee_wa_Riale (#14)

Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Ujanja wa kawaida si kutengeneza medali bandia nzima. Mtu anachukua medali halisi ya mtu asiyejulikana, anasugua jina, anachonga jina kubwa. Fedha ni halisi, umri ni halisi, jina ndilo uongo.

Namna ya kumnasa: jina la asili lilichongwa medali ikiwa mpya, kwa hiyo limezeeka nayo. Ndani ya herufi kuna weusi uleule ulio kwenye mikunjo ya picha, na kingo za herufi zimelainika kwa kushikwashikwa. Jina jipya lina kingo kali, ukipitisha ukucha unakwaruza, na ndani ya herufi kunang'aa au kumepakwa weusi unaotoka na pamba. Kitu cha pili, pale jina la zamani lilipofutwa chuma kimepungua. Ilaze kwenye kioo, tazama kwa mwanga wa pembeni, utaona kibonde. Cha tatu ni karatasi: orodha za washindi zilichapishwa na chama chenyewe kila mwaka. Jina, mwaka na sababu ya zawadi vikipishana na orodha, rudisha mzigo.

Na fedha yenyewe unaipima hivi. Elimu hii nimeilipia. Miaka ya nyuma nilinunua riale ya Sham kwenye kibanda kimoja, sitasema wapi, muuzaji kaapa kwa mama yake. Mnajua riale ya Sham, ile ya malkia mwenye kifua, Maria Theresa, yenye mwaka 1780 hata kama imepigwa miaka mia baadaye. Halisi ina gramu 28 na pointi, fedha sehemu 833 kwa elfu. Yangu nilipoiweka kwenye mzani wa sonara: 24.60. Nikajipa moyo imelika. Nikachukua glasi ya maji, nikaiweka kwenye mzani, nikaurudisha kwenye sifuri, nikaifunga riale kwa uzi wa kushonea nikaizamisha bila kugusa chini wala pembeni. Mzani ukasoma 2.90. Gawanya 24.60 kwa 2.90, unapata kama 8.5. Fedha ya riale inatakiwa ikupe karibu 10.2. Ile 8.5 ni shaba ya manjano iliyopakwa.

Nilikaa nayo pale mezani, inaning'inia kwenye uzi, inazunguka polepole kwenye maji, malkia ananitazama, mgongo, ananitazama, mgongo. Yule muuzaji nilipomrudia kibanda kilikuwa kinauza vocha.

Neno la mwisho kwenye hili: usisugue kitu. Si majivu, si dawa ya meno, si ndimu na chumvi. Ule weusi ndio cheti chako cha kuzaliwa.

Mgogo_wa_Zabibu (#15)

Na mwisho wa Blaxland mwenyewe ulikuwaje? Alitajirika na huo mvinyo?

Mzee_wa_Riale (#16)

Hapana. Mwisho wake ni mzito. Mkewe Elizabeth alifariki 1826, kati ya medali ya fedha na ya dhahabu, kwa hiyo ile ya dhahabu hakuiona. Kwa magavana hakuwa na bahati pia: Macquarie alinung'unika kwamba akina Blaxland wanafuga ng'ombe tu badala ya kulima nafaka ya kulisha koloni, na yeye Blaxland alinung'unika kwamba koloni halimpi haki yake. Mvinyo wa Australia uliokuja kusimama kibiashara ulisimamishwa na wengine baada yake. Tarehe 1 Januari 1853 alijitoa uhai huko Parramatta. Alikuwa na miaka 74.

Pipa lile lilitangulia, wengine wakauza.

Mgogo_wa_Zabibu (#17)

Dah. Mkulima ni mkulima tu.

Nyundo_ya_Pili (#18)

Mkulima mwenye wafungwa 40, Mgogo. Usijifananishe.

Shangazi_Zena (#19)

Mzee wetu, sasa zamu yangu. Nimeenda kwa sonara jirani na riale ya bibi, nimefanya kama ulivyoelekeza, kijana wake kanishikia uzi. Mzani 28.02. Kwenye maji 2.75. Nimegawanya kwenye simu imekuja 10.19. Hiyo ni nzima au?

Mzee_wa_Riale (#20)

Shangazi, hongera sana, hiyo ni nzima kabisa! Bibi hakudanganywa. Weka picha tuone herufi za pembeni, za kwenye ule ubavu wake, na weusi wake ulivyokaa.

Shangazi_Zena (#21)

[picha]

Kijiti_Kavu (#22)

Mbona inang'aa kama sahani ya harusi?

Shangazi_Zena (#23)

Ah. Niliisugua na majivu asubuhi kabla sijaenda kwa sonara, niliona aibu kuipeleka ikiwa chafu. Kumbe ujumbe wa mzee nimeusoma mpaka kwenye hesabu tu.